Nimeuziwa pakiti ya pedali yenye mchoro wa uongo, kisha nikaambiwa ni mkono wangu ulioharibu

Ndugu mafundi na wapiga gitaa wenzangu,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimejaribu kuipooza kwa wiki tatu bila kufanikiwa. Duka sitalitaja. Liko hapa Lubumbashi, na linauza vifaa vya elektroniki vilivyofungwa tayari katika mifuko ya nailoni, pamoja na karatasi ya maelekezo, kwa ajili ya watu kama mimi wanaotaka kujiundia pedali zao (visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa) kwa sababu zile zinazotoka nje bei yake haishikiki. Nililipa dola 15.

Mimi hupiga solo katika kwaya ya kanisa letu huku Katuba. Pikapu za gitaa langu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, ni dhaifu, na sebene, ile sehemu ya wimbo ya magitaa na dansi, inapochanganya, ngoma na kinanda hunimeza kabisa, hata mpiga mi-solo (gitaa la kati, kati ya solo na ridimu) aliyekaa ubavuni mwangu huniuliza kama bado nipo. Nilihitaji pedali ya kuongeza nguvu tu, bila mbwembwe. Pakiti niliyonunua inafuata saketi ambayo kampuni ya Electro-Harmonix ya New York iliitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la LPB-1, na ambayo tangu wakati huo imenakiliwa na kila mwenye chuma cha kulehemu duniani. Ina transista moja (kipande cha miguu mitatu kinachokuza mawimbi), rezista nne za kuzuia mkondo, kapasita mbili na potenshometa moja ya kuzungusha sauti. Kukosea hapo ni kazi, na ndiyo maana jambo hili limeniuma.

Nilipomaliza kulehemu na kukanyaga swichi, nilipata sauti nyembamba yenye mikwaruzo, ndogo kuliko ile ya gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya. Pedali ya kuongeza sauti ilikuwa inapunguza sauti.

Kama muungwana, nilianza kwa kujishuku mwenyewe. Kwetu umeme hurudi usiku wa manane, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi niliifanya kwa tochi ya simu, na saketi hii ina mtego wake katika rezista, ambazo thamani yake husomwa kwa mistari ya rangi: ile ya kilo-omu 430 ina mistari ya njano, chungwa na njano, na ile ya kilo-omu 43 ina njano, chungwa na chungwa. Tofauti yote imo katika mstari mmoja, na chini ya tochi ya simu njano na chungwa ni ndugu mapacha. Ukizibadilishana mahali, transista hushiba, yaani hufunguka kabisa na kushindwa kufuata mawimbi, na sauti huharibika. Nikainua mguu mmoja wa kila rezista na kuipima kwa multimita, kile kipimo cha umeme, nikakuta zote ziko mahali pake. Tafadhali, mtu asiniandikie kwamba nikague lehemu zisizoshika, kwa maana nimezipitia zote upya, moja baada ya nyingine, kwa lenzi.

Ndipo nikapima volti, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kwanza. Betri ilitoa 9.2. Transista ina miguu mitatu: bezi hupokea sauti ya gitaa, kolekta hutoa ile iliyokuzwa, na emita ndiyo njia ya mkondo kutokea. Rezista mbili nilizozitaja hugawa volti hizo ili bezi ipate takriban 0.8, emita hukaa chini ya hapo, karibu na 0.2, na kwa kuwa emita imeshikiliwa na rezista ya omu 390, mkondo unaopita ni kama nusu miliampea. Nusu miliampea hiyo ikipita katika rezista ya kilo-omu 10 iliyo juu ya kolekta hula volti 5, hivyo kwenye kolekta zinabaki kama volti 4, karibu na katikati ya betri, mahali ambapo mawimbi ya gitaa yana nafasi ya kupanda na kushuka. Mimi nilikuta 8.3 pale karatasi ilipoandika kolekta, na 0.04 pale ilipoandika emita, maana yake mkondo ulikuwa haupiti ipasavyo.

Nikazichukua namba hizo hadi dukani siku ya Jumamosi, zikiwa zimeandikwa vizuri kwenye daftari. Muuzaji hakulifungua daftari. Aliigeuza bodi mara moja, akaangalia upande wa lehemu, akasema: «Papa, ulisha kuichoma na moto yako.» Kisha akamhudumia mteja wa chaja ya simu.

Kama transista ingekuwa imeungua, njia zake za ndani zingekuwa zimekatika au zimegusana, na multimita ingelionyesha hilo ikiwekwa kwenye alama ya dayodi, inayopima njia ipitishayo umeme upande mmoja tu. Yangu ilionyesha volti 0.69 upande mmoja na 0.71 upande wa pili, kama ipasavyo. Lakini ile tofauti ndogo ilinikalisha macho usiku ule, kwa sababu kwa kawaida upande wa emita ndio unaosoma juu kidogo, na hapa ile 0.71 ilikuwa kwenye mguu ambao karatasi inauita kolekta. Nikaing'oa transista, nikaichomeka kwenye tundu la kupimia la multimita kama karatasi inavyoagiza: ikakuza mara 9. Nikaigeuza: mara 212.

Nikavaa miwani ya mama na kusoma maandishi ya kwenye mwili wake, ambayo ni madogo kuliko mguu wa sisimizi. Yalisema P2N2222A. Karatasi inasema tu «transista 2222», na imechora miguu, ukiutazama upande bapa huku miguu ikiwa chini, kuanzia kushoto: emita, bezi, kolekta. Huo ni mpangilio wa PN2222A. P2N2222A, yenye namba 2 ya ziada katikati ya herufi, ina mpangilio wa kinyume: kolekta, bezi, emita. Tatizo hili linajulikana kwa mafundi, na mtu anayefanya biashara ya kufunga vipande hivi katika mifuko hana ruhusa ya kutolijua. Aliyenunua mfuko ule na kufuata maelekezo kwa utiifu ndiye anayeharibikiwa. Asiyesoma karatasi ana nafasi nusu kwa nusu ya kufaulu.

Wala hasara haiishii kwenye usiku niliopoteza. Transista ikiwekwa kinyume katika saketi hii, njia ya kati ya emita na bezi hupokea zaidi ya volti 7 kwa upande usio wake, ilhali watengenezaji wameiwekea kikomo cha volti 6. Huvuja, na kadiri inavyovuja hupoteza uwezo wake wa kukuza na kuanza kutoa mvumo wa upepo. Yangu nimeigeuza na sasa inakuza sauti, ni kweli, lakini nyuma ya kila noti kuna mchanga unaomwagika. Kwa hiyo ninalazimika kununua nyingine, na yeye bado anasema ni moto wangu.

Kuhusu adapta ya volti 9 aliyoniongezea kwa dola 4, nitasema machache. Bila mzigo inatoa volti 13, na ikichomekwa pedali hunguruma hata gitaa likiwa limefungwa sauti. Nilipolalamika aliulaumu umeme wa mji. Nikiweka betri ngurumo inatoweka, kwa hiyo kosa ni la adapta isiyochuja umeme wake sawasawa. Hiyo nimeisamehe.

Nisichokisamehe ni karatasi. Ninataka duka lile liandike aina kamili ya transista iliyomo ndani ya mfuko na kuichora miguu yake kama ilivyo, na linirudishie transista moja nzima. Ninyi mlionunua pakiti ile, msichomeke betri kabla hamjasoma maandishi ya kwenye transista; na ambao pedali zenu zimeshakataa, pimeni kolekta kwanza, kisha mwandike hapa namba mliyoipata, ili tujue tuko wangapi.

Jumamosi iliyopita nilirudi na karatasi niliyoichora upya kwa rula, nikamwomba aitoe nakala. Aliipokea kwa adabu, akaiweka juu ya kaunta, akaweka kikokotoo juu yake. Nyuma ya kichwa chake, kwenye msumari uleule, nilihesabu mifuko minane, na katika kila mmoja karatasi ya zamani ilionekana kupitia nailoni.