Kura 60 za Seneti ya Marekani: zifutwe au zibaki?

Mleta mada:
Wakuu, mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifungwa siku 43, Oktoba 1 hadi Novemba 12, kwa kuwa mswada wa fedha ulikosa kura 60 Seneti. Trump akawataka Warepublican wenzake waifute filibasta, yaani ile nguvu ya maseneta wachache kuukwamisha mswada kwa kukataa mjadala ufungwe. John Thune, kiongozi wao Seneti, akakataa. Sisi tunaotetea haki ya kupiga kura, mishahara ya maana na ulinzi wa wahamiaji tusimame wapi? Mimi nasema ifutwe, hata kama aliyeiomba ni Trump.

Wengi bado wanadhani kuna seneta anayehutubia usiku kucha. Siku hizi si lazima. Maseneta 16 wanatia saini ombi la kufunga mjadala, inapita siku moja ya kikao, kisha kura inapigwa. Zinatakiwa 60 kati ya 100. Zikipatikana, bado zipo hadi saa 30 za mjadala. Na hoja ya kuuingiza mswada ukumbini nayo huzuiwa vivyo hivyo, kwa hiyo mswada mmoja unaweza kulazimika kupita tundu la sindano mara mbili. Mpingaji anaweza kubaki nyumbani: asiyefika anahesabika sawa na aliyekataa.

Kurunzi:
Mkuu, kinachoniuma zaidi ni mambo yasiyohitaji 60. Majaji: Harry Reid, kiongozi wa Wademokrat Seneti, aliwaondolea kizingiti majaji wa ngazi za chini Novemba 2013, Mitch McConnell wa Warepublican akamalizia na Mahakama ya Juu Aprili 2017 ili jaji Gorsuch apite. Kodi na bajeti: zina njia yao ya upatanisho wa bajeti, na ndiyo iliyopitisha sheria kubwa ya kodi ya Trump mwaka 2025, kura 51 kwa 50, ya mwisho ikiwa ya makamu wa rais Vance. Kufuta fedha zilizokwishaidhinishwa: sheria ya 1974 inaruhusu kwa wingi wa kawaida. Julai 2025 zikafutwa dola bilioni 9 kwa kura 51 kwa 48, karibu bilioni 8 zikiwa za misaada ya nje. Dola milioni 400 za PEPFAR, mpango unaolipia dawa za ukimwi Kenya, Tanzania na Uganda, ziliokolewa dakika za mwisho.

Sasa tazama upande wa pili. Ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, 2013: kura 54, ukakwama. Mswada wa vijana walioletwa Marekani utotoni bila hati, 2010: 55 kwa 41, ukakwama. Kima cha chini cha dola 15 kwa saa, 2021: Wademokrat walijaribu kukipitisha kwa njia hiyo ya upatanisho wa bajeti, mshauri wa kanuni wa Seneti akasema hapana, kwa sababu kanuni ya Byrd hairuhusu jambo ambalo athari yake kwa bajeti ni ya pembeni tu. Anayetaka kukata anahitaji 51. Anayetaka kujenga anahitaji 60.

Mzani:
Ndugu Kurunzi, orodha yako ni ya kweli ila haijakamilika. Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa SAVE kwa 220 kwa 208. Unataka anayejiandikisha kupiga kura aonyeshe hati ya uraia, kama pasipoti au cheti cha kuzaliwa. Mamilioni ya wanawake waliobadili jina walipoolewa wana vyeti visivyolingana na majina yao ya leo. Uliposubiri Seneti, ukuta wake ulikuwa zile 60. Ukivunja boma kwa ajili ya ng'ombe wako, fisi naye kaona mlango. Na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliuruka ukuta uliokuwa mrefu zaidi, thuluthi mbili, kwa 71 dhidi ya 29.

Kurunzi:
Huo 1964 ni shahidi wangu mimi. Seneti ilikwama siku 60 za kazi kabla ya kura hiyo. Mwaka 1957 seneta Strom Thurmond alisimama saa 24 na dakika 18 kupinga haki za watu weusi. Kwa miongo mingi ukuta huu uliwalinda hasa waliowanyima wengine kura. Halafu kumbuka Julai 2017: kuivunja Obamacare, sheria ya bima ya afya ya Obama, kulihitaji wingi wa kawaida tu, na kulishindwa 49 kwa 51. Warepublican watatu, McCain, Collins na Murkowski, walikataa. Watu walikuwa wameshaonja bima ile.

Dira:
Wakuu, ipo njia ya kati: kugeuza mzigo. Badala ya wanaotaka mswada kutafuta 60, wapingaji 41 walazimike kuwepo na kuzungumza. Lakini kuna mtego ambao watetezi wake huuruka. Kanuni inampa kila seneta hotuba mbili kwa hoja moja katika siku moja ya kikao. Upande wenye wengi unaweza kuirefusha siku hiyo kwa kuahirisha kidogo kidogo bila kuifunga, ila kila rekebisho linalowasilishwa ni hoja mpya, na hotuba zinaanza upya. Tena mpingaji mmoja akidai akidi ihesabiwe saa tisa usiku, ni upande huo wenye wengi unaotakiwa kuwaleta watu 51. Wanaochoka ni wao. Bila kurekebisha masharti ya akidi na marekebisho, ni maigizo tu. Januari 2022 toleo la aina hii kwa mswada wa haki ya kupiga kura liliangushwa 52 kwa 48, Wademokrat Manchin na Sinema wakiungana na Warepublican.

Mleta mada:
Nakubaliana na Dira kuhusu akidi. Ndiyo maana nasema ifutwe kabisa, na kufuta hakuhitaji 60. Kiongozi wa wengi anatoa hoja ya utaratibu kwamba mjadala ufungwe kwa wingi wa kawaida. Anayeongoza kikao anaikataa kwa mujibu wa kanuni. Kiongozi anakata rufaa, wengi wanaupindua uamuzi huo, na tangu hapo huo ndio utaratibu. Reid na McConnell walipita humo humo.

Mzani:
Hatua umezieleza sawasawa, mkuu. Tofauti yetu basi ni tarehe. Warepublican wana viti 53. Ukiifuta leo unawakabidhi mswada wa SAVE. Wademokrat wakipata maseneta 51 walio tayari kuifuta, nitaunga mkono, kwa sharti moja: mswada wa kwanza uwe wa haki ya kupiga kura, kabla ya kodi na kabla ya mishahara.