Naomba ushauri: udongo wa changarawe kwenye malisho, Longido

Wakuu, habari za kazi. Nimechimba shimo kwenye malisho kule Longido. Changarawe zimezidi nusu ya ujazo, na kila jiwe ukiligeuza lina ukoko mweupe upande wa chini. Likidondoshewa asidi linatoa povu jingi. Hadi sentimita 80 sijafika kwenye mwamba. Nimechekecha kwa chekeche ya milimita 2. pH ya udongo laini (uliopita kwenye chekeche) ni 8.2.

Kwa WRB (mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo), Leptosoli ya mawe (udongo ambao sehemu kubwa mno ni mawe) huwa na udongo laini chini ya asilimia 20 ya ujazo, na huu umezidi. Je, niuite Kalsisoli ya skeletiki (udongo wenye chokaa iliyojikusanya na mawe mengi), au nisubiri maabara ithibitishe kabonati (chokaa) imefika asilimia 15? Na nikikokotoa maji yanayofikiwa na nyasi, nitoe ujazo wote wa mawe?