Kadi ya Baraza, stoo ya hoteli au kujiajiri? Nina usonji, niko Malindi

kijana_wa_Barani
Assalamu alaikum jamaa. Nina miaka 26, nina cheti cha ushika stoo na kompyuta naiweza. Nina usonji. Daktari alinithibitishia nikiwa na miaka 22. Kabla ya hapo nyumbani nilikuwa "mkaidi" tu.

Kazi ya kwanza, duka la jumla, niliiacha mwenyewe. Redio juu, wapagazi wanabishana, tajiri anaita kutoka ndani, kichwa kinajaa hadi nashindwa kuitikia salamu. Ya pili sikuipata kabisa: niliambiwa "jieleze", nikakaa kimya hadi wakanishukuru.

Sasa nina njia tatu. Nichukue kadi ya ulemavu nisubiri nafasi za serikali. Au nikubali stoo ya hoteli moja barabara ya Casuarina, ambako ami yangu anafahamiana na meneja, lakini ami anasema usonji nisiutaje. Au nifungue meza ya kutengeneza simu. Nianze na ipi?

MamaWawili
Mwanangu, kadi kwanza, hata ukienda hoteli. Tathmini hufanywa hospitali ya serikali, fomu ikishajazwa ndipo unasajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Binti yangu ana usonji pia, na siku ya kwanza tulirudishwa. Aliyetupokea alimtazama akasema, "Mbona anatembea, anaongea?" Safari ya pili nilibeba ripoti za shule zote na daftari nililoandika mwenyewe: analala vipi, nini humshtua, akikasirika inachukua muda gani kutulia. Wakatusikiliza. Nenda na mtu aliyekulea. Wewe mwenyewe ukiulizwa "una shida gani" utajibu "sina", nakuapia.

nahodha_mstaafu
Kadi si kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataja asilimia 5 ya nafasi za uteuzi na uchaguzi katika taasisi za umma, tena hatua kwa hatua. Hatua zenyewe tunazihesabu tangu 2010. Kijana asikae barazani akisubiri tangazo. Ami amefungua mlango, ingia.

mhasibu_Watamu
Mzee, shikamoo, lakini kuna jipya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyotiwa saini Mei mwaka huo imewagusa waajiri wa binafsi pia: mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Hoteli ya watu 60 hapo ni watu watatu. Meneja akijua una kadi, wewe unamsaidia kutimiza hesabu yake. Ukificha, anakuhesabu kama kijana mwingine tu aliyeletwa na ami yake.

Na msamaha wa kodi kwa wenye ulemavu usiwadanganye. Mwenye cheti cha msamaha hakatwi kodi ya mapato kwenye Sh150,000 za kwanza kwa mwezi. Vizuri sana, ila mshahara usiozidi Sh24,000 haukatwi hata kwa asiye na kadi. Mshika stoo anayeanza Malindi analipwa ngapi? Basi.

nahodha_mstaafu
Marahaba. Sheria naisikia. Nitaiamini nikimwona huyo wa tatu.

cherehani_Maweni
Mimi mguu wangu ni wa polio, usonji siujui, kwa hiyo nisahihisheni. Cherehani yangu niliipata kwa Mfuko wa Taifa wa Walemavu wa Kenya, ule ulioanza 1980. Husaidia mtu mmoja mmoja kwa vifaa vya kazi. Kabla ya hapo nilifikiria Bombolulu kule Mombasa, karakana za walemavu zilizoanza 1969, nikaona kuhama na kupanga chumba ni gharama nyingine.

Kujiajiri kuna uhuru. Lakini kijana, umesema kelele zinakuvunja. Meza ya simu mjini ni kelele na wateja wanaolia "bado tu?" kutwa nzima. Mimi huwajibu kwa mzaha. Wewe utawajibu vipi? Na wale watakaokwambia unda kikundi mwombe zabuni za AGPO, ile asilimia 30 ya zabuni za serikali inayotengewa vijana, wanawake na walemavu: ni kweli ipo, ila uwe na mtaji wa kununua bidhaa kwanza, kisha kifua cha kusubiri malipo.

dada_wa_Ganda
Nimesoma kimya hadi hapa. Nina usonji, nafanya kazi ya kuingiza hesabu kwenye kompyuta mwaka wa tatu sasa. Sikupita usaili hata mmoja. Nilichofanya ni kuomba nijaribiwe siku tano bila kuulizwa maswali. Siku ya tatu niliwaonyesha makosa ya miezi miwili nyuma ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona.

Ukienda hoteli omba hivyo. Halafu omba vitu vinne, kwa maandishi: maagizo yaandikwe, zamu isibadilishwe ghafla, mtu mmoja tu akutume, na uruhusiwe kutoka nje dakika kumi kelele zikizidi. Hakuna hata kimoja kinachogharimu shilingi. Neno "usonji" peke yake litawatisha kwa sababu hawajui maana yake. Hivyo vinne wataelewa.

Ami asikasirike. Anakuficha kwa mapenzi, lakini siku utakapoganda mbele ya meneja atalaumiwa yeye.

kijana_wa_Barani
Ahsanteni. Nimemsomea ami jibu la dada. Amenyamaza, kisha akauliza hiyo barua itaandikwa na nani. Jumatatu naenda hospitali na mama. Wasiwasi wangu mmoja: hoteli nyingi hufunga mvua za masika zikianza. Si nitaachishwa kabla hawajanijua?

mhasibu_Watamu
Kinyume chake. Wahudumu huenda likizo, lakini kabla ya kufunga stoo lazima ihesabiwe yote, shuka, vijiko, glasi, hadi taa za bustani, na kila mwaka hesabu hugoma kulingana. Wageni hawapo, muziki umezimwa. Mwambie ami aombe siku zako tano ziwe wiki hiyo.

dada_wa_Ganda
Na barua nitumie nikuangalilie. Isizidi ukurasa mmoja.