Mwanga kwa kaa wa kombe wanaofugwa ndani ya nyumba: dirisha au taa?

Mama wa Watatu, Minneapolis

Salaam wanajukwaa. Ninaomba msaada wa watu waliofuga kaa wa kombe, yaani wale kaa wa nchi kavu wanaobeba kombe tupu la konokono mgongoni.

Mwezi Agosti tulikwenda Florida kumtembelea wifi yangu, naye akamnunulia mwanangu wa pili kaa wawili katika duka moja la ufukweni. Muuzaji aliwatia ndani ya kizimba cha waya pamoja na kipande cha sifongo, akatuongezea taa ya joto yenye balbu nyekundu, akasema tuiwashe usiku na mchana na kwamba hawahitaji kitu kingine. Tulifuata maneno yake kwa muda wa miezi miwili. Katikati ya Oktoba nilimkuta yule mkubwa amejitokeza nusu nje ya kombe lake, magando yamelegea, na vipapasio vyake, ambavyo kwa kawaida havitulii hata kidogo, vimelala kwenye waya. Nilipomgusa hakurudi ndani. Usiku ule nilisoma mpaka nikachoka, na asubuhi yake nikanunua tangi la kioo la lita 75, mchanga, na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Alhamdulillahi, wote wawili wako hai hadi leo.

Jambo ambalo bado halijanikalia sawa ni la mwanga. Sebule yetu ina dirisha moja linaloelekea kusini, na wakati huu wa baridi jua huingia humo kuanzia saa nne asubuhi hadi kama saa tisa alasiri, kisha kunakuwa giza mapema mno. Je, niliweke tangi hapo dirishani wapate jua lenyewe, au nitumie taa? Ikiwa ni taa, ni ya aina gani, na iwake kwa muda gani? Na ile balbu nyekundu ya usiku niendelee nayo? Mwanangu anaogopa kwamba wakikaa gizani watahuzunika.

Mfugaji wa Columbus

Dada, pole kwa yaliyokupata. Nimewafuga kaa hawa kwa miaka 11, na makosa hayo ya taa ya joto niliyafanya mimi pia mwaka wa kwanza, kwa hiyo ninayajua madhara yake kwa macho yangu.

Kwanza kabisa, izime ile balbu nyekundu na usiiwashe tena. Kaa wako huvuta hewa kwa matamvua, kama vile samaki, isipokuwa matamvua yake yamebadilika yakaweza kufanya kazi nje ya maji mradi tu yabaki na unyevu. Hewa ikikauka, matamvua hukauka, na kaa hukosa pumzi polepole kwa siku nyingi huku chakula na maji viko mbele yake. Unyevu wa hewa ndani ya tangi unapaswa kuwa kati ya asilimia 75 na 85. Nyumba zetu za kaskazini zinapowashwa hita wakati wa baridi, unyevu wa sebuleni hushuka mara nyingi chini ya asilimia 30, na kizimba cha waya hakina namna ya kuuzuia usipotee. Ukiongeza balbu ya joto juu ya hali hiyo, unakuwa umemweka mnyama kwenye kikaango. Ninaamini yule mkubwa alikuwa katika hatua hiyo ulipomkuta.

Kwa sababu hiyo, mimi hutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji huyaunganisha. Joto nalipata kwa pedi ya joto iliyobandikwa nje ya kioo cha nyuma, juu ya usawa wa mchanga, ikiongozwa na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, iliyowekwa kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, ambazo kwa vipimo vya Marekani ni kama 80. Mwanga nao naupata kwa taa ya LED nyeupe, iliyolala nje juu ya mfuniko wa kioo. LED haitoi joto la kutosha kukausha tangi, na kwa kuwa iko nje, unyevu hauiharibu wala kaa hawezi kuipanda. Wanapanda sana, usidanganyike na ule mzigo wa kombe. Chagua taa yenye mwanga unaofanana na wa mchana, ambayo kwenye boksi lake huandikwa kati ya 5000K na 6500K.

Kuhusu muda, kaa hawa ni wa tropiki. Wengi wanaouzwa Florida hutoka visiwa vya Karibi. Wa kwako utawatambua kwa gando kubwa la kushoto lenye rangi ya zambarau na macho ya mviringo. Huko kwao mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima, kwa hiyo wape saa 12 za mwanga na saa 12 za giza. Huko kwenu Minneapolis siku fupi za Desemba hazitimizi muda wa saa tisa za mwanga, na za Juni hupita saa 15, kwa hiyo dirisha peke yake haliwezi kuwapa utaratibu huo. Nunua taima ndogo ya kuchomeka ukutani. Mimi nimeiweka iwashe saa moja asubuhi na kuzima saa moja jioni, na tangu siku ile sijagusa swichi.

Dirisha lako la kusini ni zuri kwa kuangaza chumba, lakini usiliweke tangi pale ambapo jua linalipiga moja kwa moja. Kioo kilichofunikwa hunasa joto, na hata kama nje kuna theluji, ndani ya tangi joto linaweza kupanda kupita kiasi katika muda mfupi kabla hujarudi kutoka kazini. Liweke upande wa pili wa sebule, ambako mwanga wa dirisha unafika lakini miale yenyewe haifiki.

Mzee wa Jambiani

Mwanangu, mimi sifugi kaa, ila nimeishi nao kwa kuwa nyumba yangu iko hatua chache kutoka ufuoni, upande wa mashariki wa Unguja. Nimesoma swali lako na nimeona nikueleze ninavyowaona wakiishi wenyewe, maana huenda likamtuliza kijana wako.

Mchana wa jua kali huwezi kumwona hata mmoja ukipita na haraka zako. Ukifunua majani makavu chini ya mkungu, au ukichungulia kwenye mizizi ya mikadi na nyufa za mawe ya matumbawe, utawakuta wamerundikana humo kumi, ishirini, kila mmoja amejifungia mlango wake kwa gando. Jua likizama na mchanga ukapoa, wanaanza kutoka mmoja mmoja, na baada ya Isha utasikia makombe yanagongana kwenye jaa la jikoni ambako wanafuata machicha ya nazi. Alfajiri ukienda kuswali unakuta mchanga wote umechorwa nyayo zao, mistari midogo midogo kama ushonaji wa kofia. Siku za mawingu na mvua hutoka hata mchana, na mara nyingi nimewaona hivyo wakati wa masika. Kwa maelezo hayo utaona kwamba wanachokikimbia ni ukavu na ukali wa jua.

Usiku wa mbalamwezi hutembea bila wasiwasi, lakini ukiwamulika kwa tochi hujirudisha ndani ya kombe papo hapo na kukaa kimya mpaka uondoke. Ndugu yao mkubwa, yule kaa wa nazi anayepatikana kisiwani Chumbe, naye ni wa usiku; wageni wanaotaka kumwona huongozwa baada ya giza kuingia. Kwa hiyo mwambie mjukuu wangu kwamba giza ndilo linalowapa kaa wake nafasi ya kwenda kutafuta riziki. Wanaonyimwa raha ni wale wanaowashiwa taa usiku kucha.

Mfugaji wa Toronto

Ninakubaliana na waliotangulia katika karibu kila jambo, ila ningependa kuongeza habari ya miale ya urujuanimno, hasa ile inayoitwa UVB, ambayo Mfugaji wa Columbus hakuigusa. Mimi nilianza kwa kufuga mijusi, ambao wengi wao bila miale hiyo hushindwa kutengeneza vitamini D na mifupa yao hulainika. Kaa hana mifupa, lakini hujenga gamba jipya kila anapojivua, na gamba hilo linahitaji kalisi nyingi. Nimeweka taa ya bomba jembamba la UVB la nguvu ndogo, lile la asilimia 5, juu ya nusu moja ya tangi langu tangu miaka minne iliyopita, na ninaona kaa wangu wana rangi iliyokolea zaidi na wanatembea zaidi majira ya jioni.

Dada, zingatia kwamba jua linalopita kwenye kioo cha dirisha haliwapi UVB, kwa sababu kioo cha kawaida huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Mfuniko wa kioo wa tangi hufanya vivyo hivyo. Anayetaka kuitumia hana budi kulifunga bomba upande wa ndani, likiwa na kizuizi ili kaa wasilifikie, au kuacha sehemu ya mfuniko iwe ya wavu na kuulinda unyevu kwa njia nyingine. Bomba lenyewe hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, maana miale hupungua ingawa jicho letu huona taa inawaka vilevile. Na taa za LED zinazotangazwa kuwa na mwanga kamili kama wa jua kwa kawaida hazitoi UVB yoyote. Usilipe bei ya ziada kwa maneno ya kwenye boksi.

Mfugaji wa Columbus

Ndugu wa Toronto, nashukuru kwa nyongeza hiyo, na maelezo yako kuhusu kioo ni sahihi. Hata hivyo ninashikilia kwamba kwa mtu anayeanza, UVB si jambo la kwanza, wala la pili. Wako kaa wa kombe walioishi miaka zaidi ya 30 mikononi mwa watu, na haijathibitishwa kwamba UVB ni lazima kwao kama ilivyo kwa mijusi wa mchana. Ninachojua kwa yakini ni kwamba wanaouawa na hewa kavu ni wengi, na kila anayebadilisha mfuniko wa kioo kuwa wavu ili apitishe miale hiyo huanza kupigana upya na unyevu. Kalisi waipate kwenye chakula: kipande cha mfupa wa ngisi, maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, dagaa wasiotiwa chumvi. Tangi likikaa kwenye asilimia 80 kwa miezi kadhaa bila kuyumba, hapo mtu anaweza kuongeza bomba hilo dogo, mradi kuwe na magome na mapango ya kutosha ili kaa mwenyewe achague kukaa penye mwanga au kivulini.

Mama wa Watatu, Minneapolis

Shikamoo mzee wa Jambiani, na ndugu zangu wote nawashukuru sana. Mwanangu nimemsomea maneno ya mzee mara mbili, na sasa yeye ndiye anayetukataza kuwasha taa ya sebuleni baada ya saa moja jioni.

Tangi tumeliweka mbali na jua la dirishani, tumeweka LED na taima, na balbu nyekundu imekwenda na taka. UVB nitaisubirisha. Leo ni siku ya kumi na sita. Kipimaunyevu kinasoma asilimia 81, na usiku tunasikia kombe likigonga kioo, ting, ting, yule mdogo anapopanda gome la mti. Lakini yule mkubwa amejichimbia mchangani tangu siku tisa zilizopita na hajatoka. Nikiinama naona kitundu chake kwenye kona, kimeegemea kioo, na gando la zambarau linaonekana kidogo. Nimeelewa kwamba huenda anajivua gamba na nisimchimbue. Swali langu ni kama niizime taa ya mchana hadi atakapotoka, kwa kuwa mwanga unamfikia pale kwenye kioo.

Mfugaji wa Columbus

Usiizime, dada, kwa sababu mwenzake aliye juu bado anahitaji mchana wake na usiku wake. Chukua karatasi nyeusi au kitambaa kizito, ukibandike nje ya kioo kwenye kona ile kuanzia usawa wa mchanga kwenda chini, na atakuwa kwenye giza kamili huku sehemu nyingine ya tangi ikiendelea kama kawaida. Kama pedi ya joto inagusa upande huo chini ya mchanga, ipandishe juu. Mtoto asiifunue karatasi kuchungulia kila siku. Akiifunua mara moja kwa juma, kwa sekunde chache na bila tochi, haitadhuru. Kaa wa ukubwa huo anaweza kubaki chini mwezi mmoja, na wengine wangu walikaa mpaka miwili. Maji ya chumvi na maji yasiyo na chumvi yote mawili yawepo siku zote, na ule mfupa wa ngisi uuweke karibu na kona yake.