Nataka wanafunzi wangu wapime moshi wa kubanika samaki Igombe, tuanzeje?

Habari wakuu, nafundisha mazingira chuoni hapa Mwanza, nina wanafunzi wa mwaka wa pili na nataka tukapime hewa Igombe kwa kina mama wanaobanika sangara, sensa ndogo, yaani vifaa vya kupimia PM2.5 (vile vichembe vidogo sana vya moshi hewani), tunaazimwa. Sitaki vijana wajaze madodoso wasepe, ila semesta nayo fupi, wenyeji wakianza kuwazoea tu mitihani hii hapa. Mliowahi kufanya mlipangaje?

Fundi_Vipimo: Mwalimu, kwanza weka sensa zote sehemu moja siku kadhaa zisome pamoja, utaona zinavyopishana. Zinatumia leza, sasa alfajiri ziwani unyevu ukiwa mwingi chembe zinavimba na namba inapanda bure, kwa hiyo wapime na unyevu. Halafu mchana upepo unatoka ziwani unasukuma moshi kwenye nyumba, usiku unageuka, mwanafunzi wa saa nne asubuhi tu anaondoka na nusu ya habari.

BintiKirumba: Mama yangu ametusomesha kwa samaki wa kubanika. Waulizeni wao kwanza moshi unakuwa mkali saa ngapi, kuni zipi, watoto wanakaa wapi, na sensa wachague wao ikae wapi. Siku mzigo umeingia msiende kuhoji mtu. Na mseme mapema namba zitapelekwa kwa nani maana hofu yao kubwa ni majiko kufungwa, hilo msipolijibu hamtaambiwa ukweli hata kidogo. Majibu myarudishe pale pale mwaloni, kwa mdomo.

msomi_mstaafu: Naunga mkono binti. Kibali cha maadili kianze semesta moja kabla, mwenyekiti wa mtaa na BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, wajue. Kuhusu muda, usibadilishe eneo, mwaka wa pili wapime, wakifika wa tatu wachambue huku wanawafundisha wanaokuja, na kijana mmoja wa pale pale alipwe posho atunze sensa likizo. Wafundishe pia kwamba ile 15 ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2021, yaani kiwango cha PM2.5 kinachoshauriwa kisizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, ni wastani wa saa 24, wasichukue namba ya dakika kumi mbele ya jiko wakalinganisha nayo, watatisha watu bila sababu.

Muuliza swali: Asanteni sana, naanza na BMU wiki hii. Fundi, sensa zikae kimo gani?

Fundi_Vipimo: Usawa wa pua ya mama akiwa ameinama jikoni. Nyingine iweke upande upepo unakotoka, mbali na moshi, ndo ya kulinganishia.