Kufika Mahakama ya Rufani: ni lazima kupitia uhakimu?

Binti wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimemaliza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo na sasa nina barua mbili mezani: moja ya ajira ya Hakimu Mkazi mkoani, nyingine ya ofisi ya mawakili hapa mjini, ambayo mshahara wake ni mnono zaidi. Nia yangu, na msinicheke, ni kuwa Jaji wa Rufani siku moja. Baba yangu mdogo anashikilia kwamba asiyeanzia uhakimu hafiki huko. Je, ni kweli?

Wakili wa Upanga

Dada, baba yako mdogo ana heshima yake, lakini Katiba haisemi hivyo. Ibara ya 109 inataka Jaji wa Mahakama Kuu awe na shahada ya sheria pamoja na miaka isiyopungua kumi ya kuwa hakimu, au wakili wa kujitegemea, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, na hata sharti hilo la miaka Rais anaweza kulilegeza baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Majaji wa Rufani nao, kwa ibara ya 118, huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, kutoka miongoni mwa watu wenye sifa hizo hizo.

Tazama waliotangulia. Francis Nyalali, Jaji Mkuu kuanzia 1977 hadi 2000, alianzia uhakimu. Augustino Ramadhani alikuwa mwanajeshi aliyefikia cheo cha Brigedia Jenerali, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar kabla ya kuingia Mahakama ya Rufani mwaka 1989, kisha akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Ibrahim Juma, naye aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, alikuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sasa niambie, hapo njia ni ipi?

Karani Mstaafu

Mwanangu, wakili amesema kweli, ila mimi niliyekaa masjala miaka mingi ningekushauri uchukue ile barua ya mkoani. Hakimu huandika ushahidi kwa mkono huku shahidi akikimbia na maneno, namkumbuka mmoja aliyezoea kusema, "Taratibu mama, kalamu yangu haina miguu." Kila shahidi akimaliza, hakimu hutia saini chini ya ushahidi wake. Utaona ni jambo dogo, lakini nimepokea majalada yaliyorudishwa kutoka Rufani, mwenendo umebatilishwa na kesi inaanza upya, kwa kukosekana saini hizo tu, wakati mashahidi wengine wameshahama na mmoja amefariki. Rufani si mahali pa kusikiliza mashahidi. Majaji watatu husoma kilichoandikwa na wenzao wa chini. Aliyewahi kukiandika mwenyewe, tena katika chumba chenye joto na feni mbovu, hukisoma kwa jicho jingine.

Binti wa Tabata

Nashukuru sana, mzee wangu, nawe kaka wakili. Nina miaka 27. Je, muda unanitosha?

Wakili wa Upanga

Unatosha, ingawa si mwingi kama unavyodhani. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60 na wa Rufani akiwa na 65, isipokuwa aongezewe muda. Ukikaa uhakimuni miaka kumi mfululizo utakuwa na 37, na hapo utakuwa na sifa tu, hujateuliwa. Wengi huteuliwa baadaye sana, na wapo mahakimu hodari waliostaafu bila kuitwa kabisa. Uteuzi huu hauna ngazi kama vyeo vya utumishi, kwa hiyo usichague kazi ambayo ungejutia kuifanya miaka 30 endapo simu ya uteuzi haitapigwa.

Karani Mstaafu

Hapo nakubaliana naye. Barua ya mkoani ni ya mkoa gani, mwanangu?

Binti wa Tabata

Ni Rukwa, mzee. Natakiwa kuripoti Sumbawanga Jumatatu ijayo.

Karani Mstaafu

Basi nunua sweta, kule kuna baridi.