Nasomea udivemasta Nungwi, hewa inaniishia kabla ya wageni. Nile nini na mazoezi gani?

Kijana_wa_Mkokotoni
Assalam alaykum wakuu. Nasomea udivemasta, yaani kuongoza wazamiaji, hapa Nungwi na karibuni nafanya ile mitihani ya maji, kuogelea mita 400 bila kusimama, mita 800 na maski na mapezi, kumvuta mzamiaji aliyechoka mita 100 na kuelea dakika 15. Hiyo hainitishi, bahari nimekulia, na jimu naenda, chuma nanyanyua. Shida yangu iko chini. Tukishuka kisiwani Mnemba geji yangu ya hewa iliyobaki kwenye tenki inasoma bar 70 wakati mama wa Kijerumani wa miaka sitini hivi yupo kwenye 110, na mimi ndo natakiwa nimuongoze yeye. Halafu asubuhi nikila chapati na maharage boti ikianza kuyumba tumbo linachafuka, nikienda bila kula nasikia kizunguzungu. Na Ramadhani inakuja, kufunga siachi na kazi naitaka. Mnakula nini nyie, na mazoezi mnafanya yapi?

Pezi_Refu
Waalaykum salaam kaka. Hao wamama wa kizungu wanakushinda kwa sababu wametulia, hawana haraka na chochote kule chini. Wewe una misuli mikubwa na misuli inakula oksijeni hata kama hufanyi kitu cha maana. Kumbuka mita 10 presha ni mara mbili ya juu, mita 30 ni mara nne, kwahiyo pumzi moja ya kule inakula hewa ya pumzi nne za huku juu, ukihema kama mtu aliyekimbia tenki linakwisha unaliona.

Mazoezi ya kukusaidia ni ya miguu na pumzi. Vaa mapezi uogelee mwendo wa wastani muda mrefu, nusu saa, dakika arobaini, bila kukimbia, mguu uupige kutoka kwenye nyonga sio kukunja goti kama unaendesha baiskeli. Siku nyingine kimbia mchangani maji yakitoka. Mgongo na tumbo navyo vipe kazi maana tenki tupu tu ni kilo kama 14, ongeza mkanda na vifaa vyote halafu upande ngazi ya boti kuna mawimbi, mgongo dhaifu utalia.

Angalia na risasi za kiunoni, yale madude ya uzito ya kukuzamisha, vijana wengi wanabeba nyingi mno, mtu anazama miguu, anajaza hewa kwenye jaketi, anasukuma maji kwa mikono, yote hayo hewa inakwenda. Mikono ikunje kifuani. Vuta pumzi taratibu, toa taratibu zaidi, ila USIBANE pumzi ukiwa na tenki hata mara moja, ukipanda umebana mapafu yanachanika. Na yale mashindano ya kubana pumzi majini peke yako acha kabisa, mtu anazimia bila dalili na hakuna wa kumtoa.

Chuma nyanyua siku ambayo hushuki. Kutoka majini tu na kwenda kubeba vyuma vizito sio vizuri, mwili bado unatoa naitrojeni, ile gesi ya hewa ya tenki iliyoingia mwilini ukiwa chini, upe nafasi.

Nesi_wa_Tanga
Mdogo wangu, kabla ya chakula nianze na maji maana ndo watu wanapuuza. Hewa ya tenki ni kavu, kila ukihema unapoteza maji. Ukizama damu inakusanyika kifuani, mwili unadhani maji yamezidi, figo zinatoa mkojo, ndo maana kila mtu akishuka anabanwa. Ongeza jasho la kukaa juani umevaa suti ya mpira. Damu ikipungua maji naitrojeni haitoki vizuri na hatari ya kupooza inaongezeka. Kunywa kidogo kidogo toka jana yake, madafu mazuri, na mkojo uangalie, ukiwa wa njano iliyoiva hujanywa vya kutosha.

Chakula kula kama saa mbili kabla ya boti kuondoka. Uji wa mtama, ndizi, muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, yai. Chapati ya mafuta na maharage viache vya usiku. Maharage, kabichi na soda vinaleta gesi, na gesi iliyotengenezwa tumboni ukiwa mita 20 ukipanda inatanuka mara tatu, maumivu yake sio ya mchezo. Tangawizi mbichi tafuna au chemsha, inasaidia kichefuchefu. Vidonge vya kutapika baharini vingi vinaleta usingizi, vijaribu kwanza siku uko nchi kavu.

Mafua ukiwa nayo usishuke, na usijidanganye na dawa ya kuzibua pua, inaweza kuisha nguvu ukiwa chini na masikio yakagoma wakati wa kupanda. Na kitambi, kaka zangu mnaosoma hapa, mafuta yanashika naitrojeni kama mara tano ya maji na yanaiachia polepole. Ukishafika arobaini pima presha na moyo kila mwaka, wazamiaji wengi wanaofia majini ni moyo unawaangusha, papa mnasingizia bure.

Ami_wa_Mkoani
Nesi kasema kweli tupu. Huku Pemba ninao jamaa zangu waliozamia majongoo ya bahari kwa hewa ya kompresa, inayoshushwa kwa mpira kutoka chomboni. Asubuhi chai kavu na sigara, wanashuka, wanapanda, wanashuka tena mpaka jua linazama, maji ya kunywa hayapo chomboni. Mmoja alipanda akasema miguu inamfa ganzi, kufika pwani mkojo hautoki. Wazee wakasema ni shetani wa bahari, wakamfukiza ubani. Leo anatembea kwa magongo na hajafika miaka arobaini. Mwanangu ganzi, maumivu ya viungo au uchovu usioeleweka baada ya kuzamia, omba oksijeni hapo hapo chomboni na upelekwe kwenye chemba ya presha, usingoje kesho. Dawa za kienyeji zitakukuta huko.

Kijana_wa_Mkokotoni
Ami pole sana, hilo limenigusa. Nesi nashukuru. Na Ramadhani je?

Nesi_wa_Tanga
Hukumu ya kuzamia na funga muulize shekhe wako, mimi nakwambia ya mwili. Miaka hii inaangukia kaskazi, jua kali. Omba boti ya kwanza asubuhi, daivu moja tu na isiwe ya kina kirefu, daku ule mwisho wa muda na maji ya kutosha. Mchana omba kujaza mitenki au kupokea wageni. Mazoezi fanya baada ya tarawehe, mepesi. Ukisikia kichwa kinauma au kizunguzungu kabla ya kushuka, mwambie kiongozi wako hushuki.

Pezi_Refu
Sisi huku tunapangana zamu mapema, wasiofunga wanachukua daivu za mchana halafu sikukuu tunawalipia siku zao. Ongea na bosi wako sasa hivi kabla ratiba haijatoka.